Mkate Chini ya Mretemu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yoh. 9:1–3, Kut. 4:10–16, Mt. 4:24, Mk. 9:17–27, Lk. 17:12–14, 1 Fal. 19:1–18, Law. 19:14.

Fungu la Kukariri: 1 Wafalme 19:7.

Mama mmoja alikuwa na desturi ya kufika kanisani mapema, kabla spika hazijawashwa. Aliketi benchi la mwisho karibu na mlango pamoja na mwanawe wa miaka saba. Mtoto hakuwa na maneno. Alipenda kupanga vizibo vya chupa juu ya benchi, vya bluu huku na vyekundu kule. Spika zilipoanza kunguruma aliziba masikio, akalia, akakimbilia nje.

Sabato moja, katikati ya ibada kuu, alilia kuliko siku zote. Shemasi alimwendea mama kwa upole kabisa, akamnong'oneza kwamba lingekuwa jambo jema mtoto abaki nyumbani hadi atakapotulia. Baada ya ibada mshiriki mwingine alimshauri afunge siku tatu ili ajue laana imetoka upande gani wa ukoo. Mama aliwasikiliza wote wawili, akakusanya vizibo, akaondoka. Kwa miezi mitano rejista ya darasa lake la Shule ya Sabato ilionyesha kwamba hayupo, na hakuna aliyekwenda kumjulia hali.

Hakuna aliyemfukuza. Wote wawili walidhani wanasaidia.

Juma hili tunajifunza habari za watu wa namna mbili ambao mara nyingi huchanganywa. Wako ambao ubongo wao umejengeka kwa namna nyingine tangu mwanzo: wenye usonji, wasioweza kutulia na kukaza fikira kama wenzao, wenye disleksia, ambao herufi huwachanganya ingawa akili zao ni timamu. Hao hawahitaji kuponywa wawe watu wengine. Wanahitaji kueleweka na kusaidiwa. Wako pia waliougua akili kama mtu anavyougua figo: wenye sonona, wenye hofu isiyokoma, wenye skizofrenia. Hao wanahitaji matibabu. Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, na mwenye usonji aliyechekwa tangu utotoni huenda akaingia katika sonona akiwa mtu mzima.

JUMAPILI: Nani Alitenda Dhambi?

*Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walimpa Yesu majibu mangapi ya kuchagua? Yesu alichagua lipi?*

Wanafunzi hawakuuliza kama kuna dhambi. Waliuliza tu ni ya nani, ya kipofu au ya wazazi wake. Yesu aliyakataa majibu yote mawili, kisha akamgeukia mtu mwenyewe, ambaye hadi hapo alikuwa akijadiliwa kama kwamba hana masikio.

Swali hilo halijafa. Wala halikuwa la vijijini kwetu peke yake. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 aliowachunguza, na tangu hapo usonji ukajulikana kwa jina katika vitabu vya tiba. Lakini kwa miaka mingi baadaye wataalamu wenye shahada kubwa waliandika kwamba chanzo ni mama asiye na upendo, mwenye moyo wa baridi. Akina mama waliambiwa hivyo ana kwa ana hospitalini. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alitoa kitabu akionyesha kwamba hali hiyo inatokana na maumbile ya mwili, si malezi. Utafiti uliofuata ulimthibitisha. Urithi wa damu una sehemu kubwa. Wale walisema kwa lugha ya sayansi kile ambacho huku kwetu husemwa kwa lugha ya laana, na mzigo ulimwangukia mtu yuleyule.

JUMATATU: Ulimi Mzito

*Soma Kutoka 4:10–16. Musa alieleza udhaifu gani? Mungu aliufanyia nini?*

Wengine hufikiri Musa alikuwa na kigugumizi. Wengine, kwamba alikuwa ameisahau lugha ya Misri. Fungu halisemi. Linalosema wazi ni kwamba Mungu alijitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyeufanya mdomo wa mwanadamu, pamoja na bubu na kiziwi na kipofu. Na baada ya kusema hivyo hakuuondoa uzito ule. Angeweza. Badala yake alimpa Musa ndugu wa kusema kwa niaba yake, akamwacha na ulimi wake na kazi yake.

Waadventista wanao mfano wa karibu zaidi. Ellen G. White, akiwa msichana wa miaka tisa huko Portland, alipigwa jiwe usoni na mwanafunzi mwenzake. Alipojaribu kurudi shuleni mkono ulitetemeka, herufi zikacheza mbele ya macho, jasho likamtoka, kizunguzungu kikamshika. Mwalimu wake alimshauri aache. Masomo yake ya darasani yaliishia karibu na hapo. Miswada aliyoiandika baadaye ilipitia mikononi mwa wasaidizi walioinyoosha lugha yake, kwanza mumewe, kisha wengine kama Marian Davis. Wako wanaoona aibu kulitaja jambo hilo. Kwa nini? Musa hakumwonea haya Haruni.

Basi mtoto wa darasa la sita ambaye hawezi kusoma fungu kwa sauti Sabato asubuhi, asilazimishwe kusimama ili wenzake wacheke. Asomewe, kisha aulizwe amesikia nini. Mara nyingine jibu lake ndilo litakalowashangaza wote.

JUMANNE: Pepo, na Kifafa, na Kupooza

*Soma Mathayo 4:24. Ni makundi gani yanatajwa karibu na mwisho wa fungu?*

Mathayo anawataja wenye pepo, kisha wenye kifafa, kisha waliopooza, kila kundi kwa jina lake. Alijua mapepo yapo, hata hivyo hakuuweka kila ugonjwa wa ajabu katika kapu moja. Kisa cha kijana wa Marko 9 kina vyote viwili, pepo na dalili zinazofanana na kifafa, na Yesu aliweza kutambua. Wanafunzi wake tisa, waliokuwa wametembea naye, hawakuweza. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuwe wazito wa kutamka.

Soma tena Marko 9:21. Kabla ya kukemea chochote Yesu alimuuliza baba hali hiyo ilianza lini. Ndilo swali ambalo tabibu yeyote mzuri huanza nalo. Baba akajibu, akaongeza kwamba mara nyingi mtoto ameanguka motoni na majini.

Mtu wa Mahenge angeielewa sentensi hiyo bila mhubiri. Huko, katika wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwe alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wakianguka kwenye mafiga, na watu waliogopa kuwagusa, kwa maana iliaminika kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Walikula peke yao, kwa vyombo vyao. Aliwapa tembe za fenobabito, dawa ya bei nafuu ya kumeza kila siku, na wengi wao, waliokuwa wakianguka mara kwa mara, walipata nafuu. Kifafa hakiambukizi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa.

Hapa pana hatari iliyo ndani ya milango yetu. Kila mwaka, hasa nyakati za makambi na wiki za maombi, mtu huombewa, hupata furaha ya kweli, kisha huambiwa na ndugu mwenye bidii kwamba kuendelea na dawa ni kukosa imani. Mwenye kifafa akiacha tembe ghafla aweza kupatwa na kifafa cha mfululizo kisichokatika, nacho chaweza kumwua kabla gari halijapatikana. Mwenye skizofrenia akiacha dawa, ugonjwa huelekea kurudi, wakati mwingine kwa ukali kuliko mwanzo. Mchungaji, mzee wa kanisa au kikundi cha maombi hakina mamlaka ya kumwambia mtu aache dawa.

*Soma Luka 17:12–14. Yesu aliwatuma wapi wale wakoma kumi?*

Aliwatuma kwa makuhani, ambao chini ya torati ndio waliokuwa na kazi ya kukagua na kuthibitisha. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Anayeamini ameponywa na aende na kadi yake kwa daktari, naye daktari ndiye apunguze dawa au aisimamishe.

JUMATANO: Inuka, Ule

*Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alimwacha nani Beer-sheba? Malaika alimtendea nini kwanza?*

Siku chache kabla ya hapo moto ulikuwa umeshuka Karmeli. Eliya alikuwa amekimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli. Kisha ukaja ujumbe mmoja kutoka kwa Yezebeli, na nabii akavunjika. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Kila hatua hapo inajulikana kwa aliyewahi kumwuguza mtu mwenye sonona. Mgonjwa huanza kujitenga, hata na wale wanaompenda. Kazi kubwa aliyoifanya jana haina uzito leo. Anajilinganisha na waliomtangulia na kujiona hafai. Analala, na usingizi haumpumzishi.

Biblia haimkemei. Musa aliwahi kuomba vivyo hivyo (Hes. 11:15), na Yona (Yon. 4:3). Maombi hayo yaliandikwa na kuachwa yalivyo.

Malaika alianza kwa kumgusa. Alimwambia ainuke ale, na pale kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika hakukasirika kwamba amelala tena. Alirudi mara ya pili, akamgusa, akampa chakula kingine, na sababu aliyoitaja ilikuwa ya mwili: safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mahubiri hayakuwapo. Mazungumzo yalikuja Horebu, baada ya siku arobaini, nayo yalianza kwa swali. Eliya aliruhusiwa kutoa malalamiko yake mara mbili, kwa maneno yaleyale, bila kukatizwa. Kisha akapewa kazi, na mwenzake wa kuifanya, Elisha.

Wengi wetu tungeanzia Horebu. Tungefika chini ya mretemu na mafungu kumi kuhusu furaha.

Mshiriki akianza kusema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitoa. Asiachwe peke yake usiku huo. Sumu za shambani na dawa nyingi ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali, mtu akifuatana naye. Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua duniani kila mwaka, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na wamo waumini.

Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imekuwa ikiwatibu wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, na bado jina lake ni utani wa kijiweni. Wakenya wamefanya vivyo hivyo kwa Mathari. Utani huo umewazuia watu wengi kwenda kutibiwa, na mara nyingine husikika hata mimbarini.

ALHAMISI: Kikwazo Mbele ya Kipofu

*Soma Mambo ya Walawi 19:14.*

Kikwazo mbele ya kipofu hakihitaji chuki. Kinahitaji tu mtu aliyeweka kitu njiani bila kuangalia nani anapita. Spika inayoelekezwa benchi la nyuma ni kikwazo. Vilevile ratiba inayobadilika kila Sabato bila taarifa, kwa mtu ambaye mabadiliko ya ghafla humtia hofu.

Yule mama wa vizibo alitembelewa katika mwezi wa sita. Aliyekwenda ni mwalimu wa darasa la watoto, mwanamke wa makamo asiyejua lolote kuhusu usonji. Hakuuliza kwa nini hawaji. Aliuliza mtoto anapenda nini, akaketi sakafuni, akapanga vizibo pamoja naye kwa muda mrefu bila kusema neno. Sabato iliyofuata spika ya nyuma ilizimwa, na mkeka ukatandikwa chini ya mwembe, mahali ambapo mahubiri yasikika kwa mbali. Washiriki wawili walipeana zamu ya kukaa hapo. Mtoto hajaanza kusema, na bado hulia siku nyingine. Anapanga vitabu vya nyimbo kwa rangi za majalada kabla ya watu kufika. Mama yake sasa huweza kusikiliza hubiri lote hadi mwisho.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Zaburi 88 yote, polepole. Ni maombi ya mtu aliyeelemewa tangu ujana wake, na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna fungu la faraja lililoongezwa mwishoni, na bado ilipewa nafasi katika kitabu cha nyimbo cha Israeli.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ni rahisi zaidi kumwombea mwenye sonona kuliko kumpelekea chakula siku ya tatu, ya kumi, ya arobaini? Darasa lenu lingepangaje zamu?

2. Mshiriki anashuhudia mbele ya kanisa kwamba ameacha dawa za kifafa kwa imani, na watu wanaitikia amina. Wewe ndiwe mzee wa zamu. Utasema nini hapo hapo, na utamwambia nini faraghani?

3. Litazameni jengo lenu na ratiba yenu ya Sabato. Nani hawezi kukaa humo saa tatu? Nani angejua jibu, na je, amewahi kuulizwa?

4. Chukueni rejista ya darasa lenu. Ni nani ameandikwa kwamba hayupo kwa zaidi ya mwezi mmoja, na nani atakwenda kwake kesho alasiri?