Babu aliyepigana Tabora

Swali: Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini, naishi Kashojwa, Nakivale, Uganda. Baba yake babu alikuwa askari wa Wabelgiji, akapigana Tabora. Hatuna karatasi hata moja. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu, anza na wazee kabla ya nyaraka. Waulize jina lake la nyumbani na la ubatizo, kijiji, na chifu wake. Andika pia nani kasema nini.

Kisha pima simulizi kwa tarehe. Jeshi la Kongo, Force Publique, liliiteka Tabora Septemba 19, 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari wa wakati huo alizaliwa karibu na 1900 au kabla. Kama umri haulingani, huenda alipigana Vita vya Pili vya Dunia. Uliza pia kama alikuwa mpagazi: wengi walibeba mizigo tu, na majina yao ni adimu kwenye kumbukumbu.

Nyaraka za koloni zimo Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, Brussels. Waandikie kwa Kifaransa. Kama alibatizwa Mkatoliki, paroko wa huko Nakivale aweza kuiandikia parokia yenu. Tafuta jina kwa tahajia zote: makarani waliandika walivyosikia.