Mafunzo Niliyopata Nikisali na Majirani wa Tongaren

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tongaren, kaunti ya Bungoma, ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi. Kisha ukaja Mpango wa Ekari Milioni wa 1962, mashamba yakanunuliwa na kukatwa vipande, na watu wakahamia kutoka Kimilili, Maragoli, Bunyore na kwingineko. Kila familia ilishuka na jembe, mbegu, ng'ombe kama ilijaliwa, na kanisa lake. Aliyetoka kwa Friends, yaani Quaker, alianzisha Friends chini ya mti, aliyetoka kwa Wakatoliki akatafuta wenzake wa kusali rozari. Ndiyo sababu leo, kutoka Naitiri hadi Ndalu, unapita makanisa ya kila jina kabla hujamaliza maili chache, mengine yakitenganishwa na ua wa michongoma tu.

Mimi nimelelewa katika Friends. Nimesali kwa majirani kwa sababu za kawaida kabisa: arusi ya binamu, ubatizo wa mtoto wa rafiki, mwaliko wa mama jirani aliyetaka nione kwaya yao. Baadaye nikawa naenda kwa kusudi, Jumapili moja hapa, nyingine pale, wakati mwingine hadi Kitale mjini. Wazee wengine huita jambo hili kutangatanga. Naliheshimu neno lao, lakini nimefaidika sana, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kanisa la jirani huenda likawa ndugu wa kanisa lako.

Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, wamisionari watatu kutoka Marekani: Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss. Kutoka hapo imani ilipanda mpaka Lugulu na vijiji vya Wabukusu, na leo Kenya ina Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hiyo sehemu ya historia tunaijua. Ambayo watoto wa Friends hawafundishwi ni ile ya 1927, ulipozuka uamsho pale pale Kaimosi. Watu walilia, wakaungama dhambi hadharani, wakanena kwa lugha. Viongozi wakashtuka, na waliojazwa Roho wakajikuta nje. Humo ndimo lilimotoka African Church of the Holy Spirit.

Niliposali nao nilivua viatu mlangoni kama wao. Kanzu nyeupe, msalaba mwekundu umeshonwa kifuani na kwenye kilemba, maombi ya sauti, watu wakiomba wote pamoja hadi jasho linawatoka. Ukiwaona barabarani wakipita na ngoma utadhani ni watu wa mbali. Ni watu waliotoka chumba kimoja na sisi. Nilipomwambia hayo mzee mmoja wa kanisa lile baada ya ibada, alisema kwa upole kwamba wao hawajasahau, ila ni sisi ambao hatuwatembelei.

2. Wanaofanana hawafanani, na wasiofanana wanafanana.

Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kenya mwaka 1921, na upande wetu huu wa magharibi lina nguvu sana, hata upande huu ukapewa makao makuu yake Kakamega mwaka 2008. Ukiingia ibadani kwao unakutana na sare, bendera, kapteni na mkewe ambaye naye ni kapteni, ngoma kubwa, na akina mama wakipiga matari kwa mpangilio mmoja. Haleluya zinarushwa kutoka kila pembe. Sasa ondoka hapo, vuka barabara uingie kwa Friends siku ambayo karani ametangaza muda wa kimya. Watu wameinamisha vichwa. Nje jogoo anawika, mtoto anakohoa, basi. Anayetaka kusema neno alilopewa anasimama, anasema, anaketi.

Nani angedhani kwamba makanisa haya mawili yamekubaliana juu ya jambo ambalo karibu makanisa mengine yote yanalikataa? Hakuna kati yake linalobatiza kwa maji, wala linaloshiriki meza ya mkate na divai. Yote mawili hufundisha kwamba ubatizo ni wa moyoni na ushirika ni maisha yote. Niliwahi kuulizwa na rafiki yangu Mkatoliki kama kweli nimebatizwa, na swali lake halikuwa la kejeli, lilikuwa la uchungu, aliogopa kwa ajili yangu. Nilimweleza tunavyoamini. Kisha nikaenda naye misa, nikaona jinsi watu walivyojipanga kupokea Ekaristi, bibi mmoja akishikwa mkono na mjukuu wake kwa kuwa macho yamepungua, na nikafahamu kwa nini swali lile lilimuuma. Sikubadili imani yangu, lakini tangu siku hiyo siwezi kukaa kimya mtu akisema meza ile ni desturi tu.

3. Kanisa linabebwa na watu wasiopanda mimbarini.

Mjini Kitale padri yupo kila siku. Vijijini Tongaren padri ana vituo vingi na mwili mmoja. Jumapili nyingi utamkuta katekista akiongoza ibada ya neno: mwanamume au mwanamke wa hapa hapa, anayelima shamba lake Jumatatu kama wewe. Ndiye anayefundisha watoto kabla ya komunyo ya kwanza, ndiye anayejua nani hajaonekana wiki tatu na kwa nini. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa kanisa, na matunda yake yanaonekana hapa kwetu: familia chache za jirani, zinakutana nyumba kwa nyumba katikati ya juma, zinasoma Injili ya Jumapili ijayo, kisha zinaulizana habari za wagonjwa. Makanisa yetu mengine yangefanya vyema kuiga jambo hili bila kuona haya.

4. Kaa mpaka matangazo.

Hili ndilo fundisho kubwa kuliko yote, na ndilo ninalomsihi kila mtu alishike. Wageni wengi huondoka mahubiri yakiisha. Wanakosa kilichobaki, nacho ndicho kinachoonyesha kanisa ni nini.

Mahubiri mazuri yanaweza kutoka kwa mtu yeyote mwenye kipaji. Matangazo hayadanganyi. Sikiliza yanayosomwa: nani amelazwa hospitalini na kikundi gani kitamwona, mtoto wa nani amepata nafasi shule ya upili na hana karo, matanga yako kwa nani na nani atapeleka kuni. Sikiliza kama hesabu ya sadaka ya Jumapili iliyopita inasomwa, iliingia ngapi na imetumika wapi. Katika makanisa ya Friends, PAG (Pentecostal Assemblies of God) na Anglikana niliyosali, karani au mhazini husimama na daftari akasoma mbele ya wote, na mzee asiyeelewa huinua mkono akauliza. Nimesali pia mahali ambapo sadaka ilikusanywa mara nyingi katika ibada moja, kila mara kwa jina jipya, na hakuna aliyesema lolote kuhusu ilikokwenda. Mhubiri pale alikuwa hodari. Sikurudi.

Halafu kuna mnada. Asiyekulia vijijini kwetu asiudharau. Mahindi yakishavunwa, kuanzia Oktoba hivi, watu huleta malimbuko: debe la mahindi, kuku, ndizi, maharage, mayai kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Asiye na pesa ana kitu cha kutoa, na mwenye pesa anakinunua pale nje ya kanisa kwa bei inayopanda kwa vigelegele. Nimeona kuku akiuzwa, mnunuzi akamrudisha auzwe tena, akauzwa tena, hata jogoo mmoja akaezeka mabati kadhaa ya paa. Mjane aliyemleta anakwenda nyumbani akijua sehemu ya paa lile ni yake. Mfumo wa kutuma sadaka kwa simu una faida zake, na mjini Kitale hauepukiki, lakini hauwezi kumpa mjane heshima ile.

5. Saa moja inatosha, saa nne pia.

Machi 2020 ibada zilisimamishwa nchini kote kwa sababu ya korona. Ziliporuhusiwa tena Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, muda usiozidi saa moja, na wenye chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Makanisa yaliyozoea kukesha yalijikuta yakihesabu dakika. Nilichoona ni kwamba wahubiri walioandaa ujumbe wao waliufikisha ndani ya robo saa bila taabu. Kilichopungua ni wazee na watoto, na bila hao ibada ilikuwa kavu. Kwa hiyo sipimi tena kanisa kwa saa.

6. Mimbari ikipewa mwanasiasa, ibada inahama.

Nimeshuhudia ibada njema ikifikia ukingoni, gari kubwa likaingia uani, na mara mpangilio wote ukavunjwa. Wazee waliondolewa viti vya mbele. Mtoto aliyepaswa kukariri mistari yake hakukariri.

Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubu ibadani, na alifanya hivyo hapa hapa magharibi, Butere, siku ya kutawazwa kwa Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya. Wakubwa walikuwepo, wakasalimiwa, wakaketi kama waumini wengine. Nasema wazi kwamba alifanya haki. Mbunge ana viwanja na vituo vya redio, lakini yule mtoto alikuwa na Jumapili ile moja.

7. Kanisa salama ni lile linaloruhusu swali.

Waadventista husali Jumamosi, na majirani wengi hawajawahi kuwatembelea kwa sababu hiyo tu, maana Jumamosi ni siku ya soko na ya shamba. Nenda mara moja, na uwahi asubuhi kwa Shule ya Sabato. Watu wanakaa kwa makundi, kila mmoja na kitabu chake cha lesoni alichosoma wiki nzima, na mwalimu anauliza zaidi kuliko anavyofundisha. Kijana anampinga mzee kwa andiko, mzee anafungua ukurasa kumjibu. Hakuna anayekasirika.

Nililithamini zaidi jambo hilo baada ya Aprili 2023. Miili ilianza kufukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi, hata ikapita 400, wengi wao watu waliofunga hadi kufa kwa kuambiwa na mhubiri wao kwamba huko ndiko kumwona Yesu. Mwezi uliofuata macho ya nchi yakageukia kwetu. Mhubiri wa kijiji cha Lukhokwe anayejulikana kama Yesu wa Tongaren alizuiliwa na polisi Bungoma, akahojiwa, kisha mahakama ikamwachilia. Kwa wiki kadhaa, ukitaja Tongaren Nairobi, watu walicheka. Kicheko kile kiliniumiza, kwa kuwa kilifunika swali lililokuwa la kuulizwa: muumini wa kawaida atajuaje kwamba kanisa lake limepotoka? Tume na sheria zina kazi yake. Kwangu kipimo cha kwanza kiko karibu zaidi. Je, unaweza kumuuliza mchungaji wako swali, mbele ya watu, na bado ukasalimiwa Jumapili inayofuata? Je, unaruhusiwa kwenda kusali kwa jirani na kurudi? Kanisa linalokataza hayo mawili, mtoe mtoto wako humo leo.

8. Mgeni huja na macho.

Kila kanisa nililokwenda liliniomba nisimame nijitambulishe, nikasalimia kwa niaba ya nyumbani. Kwa Wakatoliki ni Tumsifu Yesu Kristu, kwa wengine Bwana asifiwe. Usiogope. Vaa kwa heshima, vua viatu wanapovua, na usiposhiriki meza yao, baki kitini kwa utulivu, hakuna atakayekushangaa. Baada ya ibada utapewa chai. Inywe, uulize habari za watu, hasa wale wanaokaa viti vya nyuma.

Mwezi huu chagua Jumapili moja, mwambie mchungaji wako unakokwenda, umwombe jirani akuchukue kanisani kwake. Kisha mwezi ujao mwalike yeye kwako, na umkalishe mbele.