Kijiji cha Rika Moja

Katika miaka ya 1930 Wanyakyusa wengi walitoka Rungwe, wakaenda kuchimba dhahabu katika nchi ya Lupa, ndiko iliko Saza. Desturi ya malezi ya kwao ilikuwa hivi. Mvulana alipopata miaka 10 hivi, alihama nyumbani kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika moja. Walikula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hapo walifundishana adabu. Mchoyo na mgomvi hawakupendwa. Walipokuwa watu wazima wenye wake, baba zao waliwakabidhi utawala wa nchi kwa sherehe iliyoitwa ubusoka. Wazee wakabaki na kazi ya matambiko. Basi, kila umri una funzo lake: kijana hujifunza kushirikiana, na mzee hujifunza kuachia.