Dondoo muhimu: Kujiandaa kwa mtihani wa DELF

Kwa aliyeko Nyakanazi, penye njia panda ya kwendea Burundi na Rwanda, aliyeazimia kuipata shahada hii ya Kifaransa, haya ni ya lazima.

1. Chagua daraja, tangu A1 hadi B2, kwa kadiri ya ilimu yako, wala usiikimbilie B2 kwa tamaa ya sifa.
2. Ulizia tarehe mapema kwa Alliance Française ya Dar es Salaam au Arusha, uwasili kabla ya siku yenyewe, kwani safari ya basi huchosha akili.
3. Usidharau sehemu yoyote: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza kila moja ina alama 25, na mtahiniwa, ajapofikisha zile 50 za kufaulu, apatapo chini ya 5 katika sehemu moja tu huanguka mtihani wote.
4. Sikiliza redio ya Kifaransa kila siku, na uwatafute madereva wa malori watokao Bujumbura uzungumze nao bila haya. Fursa hii adhimu wengi hapa huiacha ipite barabarani.
5. Andika insha kwa mkono, ukihesabu maneno: B1 hutaka 160, B2 hutaka 250.
6. Usisahau kitambulisho na kalamu ya wino.