Siku Tano Jahazini Lamu, Homa Wiki ya Pili Nairobi

CHUKULIA kwamba wewe ni mkazi wa Kangemi au Lavington na kazi yako iko katikati ya jiji, tuseme Kenyatta Avenue. Mwezi wa Desemba ulijinyima, ukachangishana pesa na marafiki watano, mkakodi jahazi huko Lamu na kuishi ndani yake siku tano. Mlikula humo, mkalala humo, mkaoga baharini. Umerudi ngozi imeiva kwa jua na moyo umetulia.

Siku ya kumi baada ya kurudi, ukiwa ofisini, kichwa kinaanza kukuuma na viungo vinalegea. Jioni, ndani ya matatu, unatetemeka ilhali wenzako wamefungua madirisha. Unajiambia ni mafua, maana nusu ya ofisi inapiga chafya. Unashuka stejini, unanunua vidonge vya maumivu katika duka la dawa lililo karibu, unajifunika blanketi mbili na kulala.

Hapo ndipo penye hatari kubwa ya safari nzima, na wewe unadhani safari ilikwisha zamani.

Leo, mpenzi msomaji, tutazungumzia afya ya mtu wa Nairobi anayekwenda kuishi juu ya jahazi katika visiwa vya Lamu. Wengi hujitayarisha kwa kuogopa papa na dhoruba. Mambo yanayowalaza watu hospitalini ni madogo kuliko hayo.

JAHAZI KAMA NYUMBA

Jahazi la kukodi halina vyumba. Unalala juu ya godoro sitahani, na mchana kivuli chako ni turubai au tanga. Jiko ni sanduku lenye mchanga ambamo makaa huwashwa. Maji ni yale mliyopakia kwenye mitungi kabla ya kung'oa nanga. Choo aghalabu ni kijisanduku cha mbao kinachoning'inia upande wa tezi, huku bahari ikipita chini yake. Usiku usiende huko kabla ya kumwamsha mwenzako, na uvae jaketi la kuelea. Anayetumbukia gizani wengine wakiwa wamelala hana wa kumsikia.

Ukitoka mji wa Lamu kuelekea kaskazini, njia iliyozoeleka ni Mkanda, mfereji mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara. Kuta zake ni mikoko pande zote mbili. Mkanda hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa, na nahodha akichelewa chombo hukaa matopeni saa kadhaa mpaka maji yajae tena. Mbele yake ni Pate, Siyu, Faza, na mwisho Kiwayu. Ni safari ya kupendeza sana, sitakudanganya. Lakini angalia mahali nanga inapotiwa usiku. Chombo kikiwa peupe penye upepo, mbu ni wachache. Kikijibanza kando ya mikoko kwa ajili ya utulivu na upepo ukalala, mbu hujaa. Usidhani maji ya chumvi yatakukinga, kwani katika pwani yetu wapo mbu wa malaria wanaozaliana hata katika maji ya chumvichumvi.

Mwombe nahodha kwa adabu atie nanga mbali kidogo na miti. Beba chandarua chenye dawa, ukifunge kwenye kamba chini ya foromali, na kingo zake uzikunje chini ya godoro. Jua likitua vaa mikono mirefu na suruali, ujipake dawa ya kufukuza mbu.

MWILI WA MTU WA NAIROBI

Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vitongoji vya magharibi, kuelekea Dagoretti na Kikuyu, viko juu zaidi. Baridi huchelewesha viini vya malaria kukomaa ndani ya mbu. Kwa ile aina kali, falsiparamu, joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi havikomai kabisa. Kwa hivyo mtu aliyezaliwa na kulelewa Uthiru hana kinga ya maana dhidi ya malaria. Akifika Lamu hana tofauti na mgeni aliyeshuka jana kutoka London, ingawa yeye ni mwananchi na haoni kwa nini ameze dawa za watalii.

Kundi la pili hunitia wasiwasi zaidi. Hawa ni wale waliozaliwa Kisumu, Busia au Kilifi, wakaja Nairobi kutafuta riziki. Utawasikia wakisema, "Mimi malaria nimeizoea tangu utotoni." Kweli waliizoea. Lakini kinga hiyo hujengwa na kuumwa mara kwa mara, nayo hufifia mtu akikaa miaka kadhaa mahali pasipo na malaria. Ndiyo maana kuna watu wazima wanaokwenda nyumbani Krismasi wakiwa wazima na kurudi mjini wakiwa mahututi.

Basi kabla ya safari mwone daktari au mfamasia akuchagulie dawa ya kinga. Klorokwini, ambayo wazazi wetu waliimeza kila wiki, isahau. Kenya iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998 kwa sababu viini vilikuwa vimeizoea. Siku hizi kuna doksisaiklini, humezwa kila siku tangu siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki 4 baada ya kurudi. Kuna mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, nao ni wa kila siku, lakini baada ya kurudi huendelea kwa siku 7 tu. Kuna pia meflokwini ya mara moja kwa wiki. Hiyo huweza kuleta kizunguzungu na ndoto mbaya, wala haimfai mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili. Doksisaiklini nayo hawapewi wajawazito wala watoto walio chini ya miaka 8, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Mja mzito, kwa maoni yangu, aahirishe safari hii.

Kosa kubwa ni kuacha dawa siku unapofika nyumbani. Wiki zile za baadaye ndizo zinazoviua viini ambavyo tayari vimo mwilini.

BAHARI IKIKULEVYA

Kulewa bahari si woga wala udhaifu. Sikio la ndani huuambia ubongo kwamba mwili unayumba, na macho yaliyoinamia kitabu au simu husema hapana, tumetulia. Ubongo hukanganyikiwa na tumbo ndilo linalolipa. Keti katikati ya chombo, elekeza macho mbali pale mbingu inapokutana na maji, uso upate upepo. Kula kidogo kidogo vitu vikavu kama biskuti au muhogo wa kuchemsha. Dawa za kuzuia kutapika zifanye kazi ni lazima zimezwe mapema, saa moja au mbili kabla ya kuondoka, na kwa kuwa huleta usingizi usizichanganye na pombe. Kwa kawaida mwili huzoea baada ya siku mbili au tatu. Ndani ya visiwa maji huwa tulivu. Shida huanza chombo kinapotoka nje ya miamba, hasa wakati wa kusi, miezi ya Juni na Julai.

Jambo moja husahaulika: anayetapika huitapika pia dawa ya malaria. Kwa hivyo imeze jioni chombo kikiwa kimetia nanga, baada ya chakula, kwa maji mengi, nawe ukiwa umeketi. Ukimeza doksisaiklini kisha ukalala papo hapo, itakuchoma koo.

Aliyetapika sana apewe maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa sawasawa bila kilima. Anywe funda moja moja.

MAJI, SAMAKI NA MIGUU

Katika joto la pwani mtu mzima akadirie lita 4 za kunywa kwa siku. Piga hesabu: ninyi sita, nahodha na baharia wake, jumla watu 8. Kwa siku tano hiyo ni lita 160, mitungi minane ya lita 20, na bado hamjapika wali. Mji wa Lamu hupata maji yake matamu chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kwa hivyo jazeni huko. Visiwani mbele visima vingine vina chumvi, na maji ya jabia, yale matangi ya kukusanyia mvua, yachemshwe au yatiwe klorini kwanza. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, hujanywa ya kutosha. Maji ya bahari usiyanywe hata ukiwa na kiu ya namna gani, maana yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita na figo zitatumia maji mengi zaidi kuitoa.

Samaki aliyevuliwa sasa hivi na kuchomwa juu ya makaa hana mfano. Lakini jodari aliyelazwa juani kuanzia asubuhi hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi. Uso huwasha na kuwa mwekundu, moyo hupiga mbio. Kama ameachwa juani, mtupe.

Mkishuka ufukweni vaeni viatu. Buruta miguu majini ili taa akusikie na kuondoka. Akikuchoma, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda hospitali. Mkato wa tumbawe nao uoshe kwa sabuni na maji safi siku hiyo hiyo. Kwa dharura, Lamu kuna hospitali ya King Fahd, na kisiwani Pate kuna ya Faza.

UKISHARUDI NAIROBI

Tangu mbu akuume hadi homa ianze hupita siku 7 au zaidi. Kwa hivyo homa ya siku ya pili ya safari haikutoka kwa mbu wa Lamu, lakini ile ya wiki ya pili au ya tatu Nairobi huenda imetoka huko, hata kama ulimeza dawa za kinga. Aghalabu hutokea ndani ya mwezi mmoja, mara nyingine hadi miezi mitatu.

Usingoje Jumamosi ili usikose kazi. Malaria ya falsiparamu isiyotibiwa inaweza kugeuka kali ndani ya saa 24. Nenda siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe, "Nilikuwa Lamu, nililala jahazini, nilirudi tarehe fulani." Daktari wa Westlands huona mafua mchana kutwa, na usipomwambia si ajabu asiifikirie malaria. Omba damu ipimwe. Ikionekana haina viini na homa ingali ipo, ipimwe tena baada ya saa 12 hadi 24, kwa maana kipimo cha kwanza kinaweza kukosa. Usinunue dawa za malaria bila kupimwa, na ukipewa zile za siku tatu, zimalize zote hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.

Kisha wapigie simu wale watano mliolala nao sitahani.