Jina la bakteria kwenye pakiti ya chanjo ya soya limebadilika. Je, ni feki?

Msimu wa soya ukikaribia, swali hili hunijia sana: "Afisa, pakiti moja imeandikwa Bradyrhizobium japonicum, nyingine Bradyrhizobium diazoefficiens. Ipi feki?" Inawezekana kabisa hakuna feki hapo. Ili uelewe, lazima ujue wataalamu wanavyotambua spishi mpya ya bakteria wa udongo.

Mfano wetu ni bakteria mwenye namba USDA 110, aliyetolewa kwenye kinundu cha mzizi wa soya huko Florida, Marekani, mwaka 1957. Kazi yake ni kuchukua naitrojeni ya hewani na kulisha mmea. Zamani kundi lake liliitwa Rhizobium japonicum. Mwaka 1982 likapewa jenasi ya Bradyrhizobium. "Brady" kwa Kigiriki ni polepole, maana maabara anakua taratibu kuliko yule wa maharage. Mwaka 2013 watafiti wa Brazili na Meksiko wakaonyesha kwamba USDA 110 ni spishi ya peke yake: diazoefficiens.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Kumtenga. Kinundu kinaoshwa, kinauliwa vijidudu vya nje, kinapondwa, halafu maji yake yanapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria.

2. Kuchunguza tabia. Anakula sukari gani? Anavumilia joto, chumvi na uchachu kiasi gani? Anaweka vinundu kwenye mmea upi?

3. Kulinganisha vinasaba. Huanza na jeni moja iitwayo 16S. Kwa ndugu hawa wawili haikutosha, wanafanana mno, ikabidi kulinganisha jeni nyingine na DNA nzima. Siku hizi, vinasaba vyote vikifanana chini ya asilimia 95 hivi, hao huhesabiwa spishi mbili.

4. Kumhifadhi na kumtangaza. Bakteria wa mfano huwekwa kwenye hifadhi za nchi mbili tofauti, na maelezo yake huchapishwa.

Sasa wewe mkulima unapata nini? Jina limebadilika, bakteria hajabadilika. Ukiona USDA 110 kwenye pakiti, iwe chini ya jina la zamani au jipya, ni yuleyule. Kwa hiyo soma namba, siyo jina tu. Lakini ukikuta chanjo ya maharage, usiipake kwenye soya, hiyo haitakufaa.

Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usiache pakiti juani. Hawa ni viumbe hai, wakifa umepaka vumbi tu. Soya ikianza kutoa maua, chimba miche michache taratibu, pasua vinundu. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wako kazini. Pakiwa peupe au kijani, hela yako haijafanya kazi, na hapo ndipo pa kuuliza maswali.