Kabla Hujanunua Dawa ya Bustani
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya zinazoishi karibu na vijito vya samoni

Kijitabu hiki ni cha kaya zinazozungumza Kiswahili katika Kaunti ya King, jimbo la Washington, nchini Marekani: walioko Kent, Tukwila, SeaTac, Burien, Renton na Seattle yenyewe. Wengi wetu tulilima kabla ya kufika huku. Tunajua jembe, tunajua wadudu, na baadhi yetu tulishabeba bomba la kunyunyizia mgongoni shambani. Kwa hiyo mwezi Machi ukifika na maduka yakapanga mifuko ya mbolea na chupa za dawa mlangoni, hatuoni jambo geni. Mtu anataka mchicha wake, au lengalenga kwa ndugu zetu wa Kongo, usitobolewe. Mwenye nyumba naye anataka nyasi zisiwe na magugu. Chupa inanunuliwa, inakwenda nyumbani.

Kilicho kigeni kwetu ni mahali dawa hiyo inapoishia.

Maji ya uani yanakwenda wapi

Tazama ukingo wa barabara mbele ya nyumba yako. Kuna tundu lenye wavu wa chuma. Watu wengi hudhani maji yanayoingia pale yanakwenda kusafishwa pamoja na maji ya chooni. Katika mitaa mingi ya hapa sivyo. Maji ya mvua yanapita kwenye bomba lake na kumwagwa kwenye kijito cha karibu bila kusafishwa. Aliyeko Burien huenda anamwagia Miller Creek. Aliyeko SeaTac, Des Moines Creek. Vyote viwili vinaingia moja kwa moja baharini, Puget Sound. Maji ya sehemu kubwa ya Kent yanafuata Springbrook Creek hadi Renton, yanaingia mto Green, ambao ukifika Tukwila unaitwa Duwamish, kisha bahari. Vijito hivi vina samaki, hata pale vinapopita nyuma ya maghala na chini ya barabara kuu ambako hakuna anayevitazama.

Mwaka 1999 watafiti wa shirika la serikali kuu linaloshughulikia jiolojia na maji, USGS, walichapisha matokeo ya kupima vijito vya mjini katika kaunti hii wakati wa mvua. Walikuta aina 23 za viuatilifu. Kisha wakalinganisha na orodha ya vilivyouzwa madukani kwa watu wa majumbani, na kadhaa ya vilivyokutwa majini vilikuwemo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo tusiwatwike wakulima wakubwa peke yao mzigo huu. Vijito hivyo ni vya mjini, na sehemu ya sumu iliyokutwa ni ile inayouzwa dukani kwa mtu yeyote.

Samoni anaumiaje

Samoni huzaliwa kwenye maji baridi, kati ya changarawe za kijito. Huteremka baharini, hukaa huko miaka, kisha hurudi kutaga, mara nyingi katika kijito kilekile alikozaliwa. Samoni wa Pasifiki akishataga hufa. Anakitambua kijito chake kwa pua. Harufu ya maji ya utotoni ndiyo inayomwongoza njia ya mwisho, na pua hiyohiyo humwambia kwamba kuna adui karibu.

Hapo ndipo sumu inapomgusa, na huhitaji kumwaga ndoo nzima. Mwaka 2000 wanasayansi wa serikali wa hapa Seattle walichapisha utafiti kuhusu diazinon, dawa ya wadudu iliyokuwa maarufu sana bustanini. Samoni wachanga wa aina ya chinook walipowekwa kwenye maji yenye mikrogramu 1 tu ya diazinon kwa kila lita, hawakuitikia ipasavyo harufu ya hatari. Fanya hesabu: kwa kiwango hicho, gramu 1 ya sumu hiyo inatosha lita milioni 1 za maji. Kijiko cha chai kinabeba gramu kama 5.

Samaki aliyepatwa na haya haelei juu tumbo wazi. Hakuna atakayempiga picha. Anaendelea kuogelea, ila hakimbii anapotakiwa kukimbia, na anayemla hamwachi. Ndiyo maana mtu anaweza kupita darajani, akaona maji maangavu, akasema hakuna tatizo.

Tena sumu hazifiki majini moja moja. Jirani mmoja kanyunyiza hiki, wa pili kile, na mvua ikazikusanya zote. Mwaka 2009 watafiti hao wa serikali wa Seattle walionyesha kwamba baadhi ya dawa za wadudu zikichanganyika humdhuru samoni wa aina ya coho kuliko jumla ya madhara ya kila moja. Diazinon na malathion ziliwekwa pamoja, na samaki wakafa kwa viwango ambavyo dawa moja peke yake haikuwaua.

Na hata pale dawa isipomgusa samaki, huua chakula chake. Samoni mchanga anaishi kwa wadudu wa majini. Dawa ya kuua wadudu haichagui. Kazi yake ni kuua wadudu, na inaifanya vilevile ikishaingia mtoni. Coho mchanga hukaa kwenye kijito mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo hakuna msimu ambao tunaweza kusema sasa kijito hakina mtu.

Kwa nini familia ijali? Kwanza kwa sababu ya sahani. Idara ya afya ya umma inawaonya watu wasile samaki wakazi, kaa wala kome wa mto Duwamish, kwa sababu ya uchafu wa viwanda uliolala kwenye tope. Samoni ndiye anayeruhusiwa, kwa kuwa anapita tu pale akienda au akitoka baharini. Yaani katika mto huo, anayeshusha ndoano ili alishe watoto wake amebakiwa na samaki huyu. Pili, chinook wa Puget Sound waliwekwa tangu 1999 kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Tatu, tupo kwenye maji ya wenyeji. Makabila ya hapa, kama Muckleshoot wa mto Green, walitia saini mikataba na serikali katika miaka ya 1850 wakabaki na haki ya kuvua, na hukumu ya Jaji Boldt ya mwaka 1974 ikathibitisha kwamba nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa ni yao. Haki ya kuvua haina maana mto ukiwa hauna samaki.

Mahakama ilisema nini

Mwaka 2004 Jaji John Coughenour wa mahakama ya shirikisho mjini Seattle alitoa amri katika kesi iliyofunguliwa na watetezi wa mazingira na wavuvi dhidi ya shirika la serikali linalosimamia viuatilifu, EPA. Amri ilipiga marufuku kunyunyiza sumu nyingi zilizotajwa kesini karibu na mito ya samoni: yadi 20 kwa wanaonyunyiza ardhini, yadi 100 kwa ndege. Ikaagiza pia kwamba katika maduka ya mijini ya Washington, Oregon na California kuwekwe tangazo la kumwonya mnunuzi kwamba dawa anayoichukua inaweza kudhuru samoni. Tangazo hilo lilihusu sumu saba zilizokuwa zimekutwa kwenye vijito vya mijini. Za magugu ni 2,4-D, diuron, triclopyr na trifluralin. Za wadudu ni carbaryl, diazinon na malathion.

Usitegemee kuliona tangazo hilo dukani leo. Na hata likiwepo, limeandikwa kwa Kiingereza, limebandikwa juu, na wewe una mtoto mkononi. Jifunze kusoma chupa yenyewe.

Kusoma chupa

Jina kubwa la mbele na picha ya waridi ni biashara; lipuuze. Shuka chini kabisa ya upande wa mbele, kwenye maandishi madogo, utafute maneno ACTIVE INGREDIENTS. Hapo ndipo sumu yenyewe inapotajwa, na asilimia yake. Linganisha na majina saba ya hapo juu. Utashangaa kukuta 2,4-D ndani ya mfuko ulioandikwa kuwa ni mbolea ya nyasi. Ile mbolea iliyochanganywa na dawa ya magugu ndiyo, kwa maoni yangu, ununuzi usio na maana kuliko wote: unamwaga sumu uwanja mzima kwa ajili ya magugu kumi yaliyoko pembeni.

Kisha tafuta neno moja kati ya haya matatu: CAUTION, WARNING au DANGER. La kwanza ni la sumu yenye makali kidogo kwa binadamu, la pili ni kali zaidi, la tatu ni kali kuliko zote. Angalia: ngazi hii inapimwa kwa mwili wa mtu. Dawa yenye CAUTION inaweza kuwa kiama kwa samaki. Madhara kwa samaki yameandikwa nyuma, chini ya kichwa ENVIRONMENTAL HAZARDS. Ukiona pale neno fish au aquatic, umeshaonywa.

Ndani ya nyumba

Dawa kama malathion na diazinon hufanya kazi kwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, na mishipa yetu hutumia kemia hiyohiyo. Mtu aliyepata kiasi kikubwa hutoka jasho na mate mengi, hutapika, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na pumzi huwa nzito. Mtoto hudhurika haraka kuliko mkubwa, kwa sababu mwili wake ni mdogo, anatambaa, na mikono yake haitoki mdomoni. Mama mjamzito asinyunyize wala asichanganye dawa.

Sumu ya nyasi pia huingia ndani kwa miguu. Dawa za magugu zimekutwa kwenye vumbi la mazulia ya nyumba ambazo nje yake kumenyunyizwa. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni kinga ya kweli. Wafundisheni na wageni.

Kitu kimoja ambacho lazima kikome: kumimina dawa kwenye chupa ya soda au ya maji ili kumgawia jirani. Mtoto haoni dawa, anaona soda. Dawa ikae kwenye chombo chake chenye lebo, juu, mahali palipofungwa kwa ufunguo.

Ukiona kibao kidogo kimechomekwa kwenye nyasi za nyumba za kupanga, maana yake kampuni imenyunyiza. Watoto wasicheze hapo mpaka pakauke na muda ulioandikwa upite. Mpangaji ana haki ya kuuliza ni dawa gani, uliza. Na ndugu mnaofanya kazi ya kutunza bustani za watu: katika jimbo hili huwezi kunyunyizia wengine dawa kwa malipo bila leseni ya Idara ya Kilimo ya jimbo, hata kama mteja mwenyewe ndiye aliyenunua chupa. Anayekwambia wewe nyunyiza tu anakuachia wewe kesi.

Ufanye nini badala yake

Kwa bustani ya mboga, mengi unayajua tayari. Vidukari kwenye sukuma wiki huondolewa kwa maji ya mpira yenye nguvu, upande wa chini wa jani, asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Adui mkubwa wa huku ni konokono asiye na gamba, anayetafuna miche usiku wakati wa mvua. Toka na tochi umwokote. Ukilazimika kununua chambo, chukua chenye iron phosphate, uache chenye metaldehyde, ambacho kimeua mbwa wengi.

Nyasi zinataka subira tu. Zikate zibaki na urefu wa inchi 2 hadi 3, uyaache majani yaliyokatwa yaoze palepale. Hiyo ni mbolea ya bure. Magugu yale ya maua ya njano, dandelion, yana mzizi mmoja mrefu; subiri mvua ilainishe udongo uung'oe wote kwa uma wa bustani. Mwezi Septemba tupia mbegu za nyasi kwenye mapengo, magugu yakose nafasi. Na ukibaki na magugu machache, yaache. Hayajawahi kumdhuru mtu.

Ukiamua bado kunyunyiza, nunua chupa ndogo kabisa, piga mmea wenye tatizo peke yake, usinyunyize mvua ikitarajiwa, na usisogee karibu na kijito wala tundu la barabarani. Punje zilizoanguka kwenye saruji zifagie uzirudishe kwenye mfuko. Usizisukume kwa maji.

Chupa za zamani

Fungueni banda na gereji. Wengi wamehamia kwenye nyumba ambazo waliotangulia waliacha makopo. Uuzaji wa diazinon kwa matumizi ya nje ya nyumba ulisitishwa mwishoni mwa 2004, lakini kopo halijui sheria. Usilimwage sinki, chooni wala barabarani, na usilitupe kwenye takataka. Kaunti ya King ina vituo vya kupokea taka hatari za majumbani, kimojawapo Factoria, Bellevue. Mkaazi hatozwi pesa anapokabidhi. Peleka kopo likiwa na lebo yake.

Mtu akimeza dawa, au ikimwingia machoni au kumwagika mwilini: mvue nguo zilizolowa, osha ngozi au macho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, usimtapishe isipokuwa umeambiwa, na shika chupa mkononi unapopiga simu. Akizimia, akidegedega au akishindwa kupumua, piga 911. Vinginevyo piga Kituo cha Sumu, 1-800-222-1222, usiku na mchana, bila malipo. Wakipokea simu, sema "Swahili" na usubiri, wataunganisha mkalimani.